Meza ya Kompyuta Mpakato Nyumbani: Dalili, Vyanzo na Tiba Zake

Mtu anayetafuta meza ya kompyuta mpakato kwa kawaida hakosi meza. Anayo ya kulia chakula, anayo fupi ya sebuleni iliyotandikwa kitambaa, na huenda anayo hata ile ya kukunja miguu iliyonunuliwa kwa ajili ya kitandani. Hata hivyo, ikifika alasiri shingo imekaza, mapaja yamekufa ganzi na kioo kinacheza kila anapobonyeza herufi. Mwongozo huu unaanzia kwenye malalamiko hayo, kwa kuwa kila lalamiko lina chanzo chake, na vyanzo vingi haviondoki kwa kununua meza nyingine. Baadhi huondoka kwa mto wa kiti, kwa kipande cha ubao au kwa kuisogeza meza kidogo kutoka dirishani. Vinavyobaki ndivyo vinavyostahili fedha, na ndivyo vitakavyokuonyesha ununue meza ya namna gani.

Kabla ya yote, pima

Chukua tepu ya kupimia, ya chuma au hata ile laini ya fundi cherehani, kisha ukae mahali hasa unapofanyia kazi. Kama ni kwenye kochi, kaa dakika kadhaa kwanza mpaka sponji ibonyee, kwa sababu kochi linaloonekana kuwa na kikalio cha sm 45 linaweza kushuka hadi sm 38 likishabeba uzito wa mtu. Legeza mabega, kunja viwiko mpaka mikono ilale sambamba na sakafu, kisha mtu mwingine akupimie vitu vitatu: kimo cha kikalio kutoka sakafuni, kimo cha chini ya kiwiko kutoka kwenye kikalio, na kimo cha juu ya paja, pale linaponenepa zaidi, kutoka kwenye kikalio hichohicho.

Tuseme kiwiko kimekuja sm 22 na paja sm 15. Kati yake pana sm 7. Kompyuta mpakato ya kawaida ina unene wa karibu sm 2 kwenye kibodi, kwa hiyo zinabaki sm 5, na ndani ya hizo lazima viingie uso wa meza, mbao za fremu zilizo chini yake, droo kama ipo, na nafasi kidogo ya kujigeuza. Hesabu hiyo ndiyo inayoamua karibu mambo yote yanayohusu mwili. Meza fupi huinuliwa. Meza ndefu hukatwa miguu, au kiti hupandishwa. Lakini meza iliyo nene mno pale mapaja yanapopita haina dawa kwa mtu huyo, kwa kuwa akiipandisha mabega nayo yanapanda, na akiishusha mapaja yanabanwa. Wauzaji hutaja urefu, upana na kimo, ila unene huu hawautaji, hivyo itakubidi uupime mwenyewe dukani, kuanzia juu ya uso wa meza hadi kwenye kitu cha chini kabisa kitakachoweza kugusana na paja.

Mabega yanauma, shingo inauma, au vyote viwili

Maumivu haya mawili huchanganywa, na mara nyingi mtu hununua tiba ya moja akalizidisha jingine.

Mabega yanayochoka, hasa kwenye msuli ulio kati ya bega na shingo, huonyesha kwamba kibodi iko juu mno. Chukua kiti cha mbao chenye kikalio cha sm 45: kiwiko cha mtu wa mfano wetu kitakuwa sm 67 kutoka sakafuni, ilhali meza za kulia chakula hutengenezwa kwa kimo cha sm 72 hadi 76. Meza ya sm 75, ukiijumlisha na unene wa kompyuta, inaipeleka kibodi sm 10 juu ya kiwiko, na mtu huyo atafanya kazi siku nzima akiwa ameyapandisha mabega bila kujijua. Ushauri unaotolewa haraka ni kuweka mto kwenye kiti, nao ni ushauri mzuri pale unapowezekana. Lakini tazama kwanza chini ya meza. Kama uso una unene wa sm 2.5 na chini yake pamezungushwa mbao za fremu za sm 8, basi upande wa chini wa fremu uko sm 64.5 kutoka sakafuni. Ukikipandisha kikalio hadi sm 53, mapaja yatafika sm 68, na hayataingia. Meza hiyo inakuruhusu kupanda sm 4 tu, na zaidi ya nusu ya tatizo itabaki palepale. Meza ambayo uso wake umekaa moja kwa moja juu ya miguu, au ambayo fremu yake imerudishwa ndani mbali na ukingo, haikuwekei mpaka huo. Ukishapandisha kiti, usiache miguu ikining'inia. Iwekee kijukwaa au kigoda chenye kimo sawa na ulichoongeza.

Shingo ina kisa kingine. Macho ya mtu mzima aliyeketi wima huwa karibu sm 75 juu ya kikalio, ilhali ukingo wa juu wa kioo cha inchi 14, kompyuta ikiwa kwenye kimo sahihi cha kiwiko, hufika sm 45 hivi. Kwa hiyo meza iliyochaguliwa vizuri kabisa kwa ajili ya mikono bado itamwinamisha mtu kichwa, kwani kibodi na kioo vimeungana na haviwezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja. Anayefanya kazi saa moja au mbili anaweza kuvumilia kwa kukilaza kioo nyuma kidogo na kuinuka mara kwa mara. Anayefanya kazi kutwa anahitaji kibodi ya pembeni na mausi, na kompyuta yenyewe iinuliwe kwa stendi au kwa vitabu vinene mpaka ukingo wa juu wa kioo ukaribiane na usawa wa macho. Amua jambo hili kabla hujaenda dukani, kwa sababu linabadilisha meza unayoihitaji: kompyuta peke yake hutosheka na uso wa sm 40 kwa 60, lakini kompyuta iliyoinuliwa, ikiwa na kibodi mbele yake na mausi pembeni, inataka kina cha sm 55 hadi 60 na upana wa sm 80 au zaidi. Meza nyingi nzuri za kubebeka hulaumiwa bure kwa sababu mwenye nazo aliamua kuhusu kibodi baada ya kuzinunua.

Shingo inayouma upande mmoja tu mara nyingi haitokani na kimo. Hiyo hutokana zaidi na kompyuta iliyowekwa pembeni, ama kwa kuwa katikati ya meza pana mguu unaozuia magoti, ama kwa kuwa ekstensheni inafika upande huo peke yake.

Mgongo wa chini unachoka, hasa kwenye kochi

Meza fupi ya sebuleni ina kimo cha sm 40 hadi 45. Kwa mtu aliyezama kwenye kochi, ambaye kiwiko chake kiko sm 60 kutoka sakafuni, meza hiyo iko chini mno na pia iko mbali mno, kwa hiyo anakaa ukingoni mwa kochi akiwa amekunja kiuno. Kuinua kompyuta kwa kasha au mto mgumu husaidia kimo, lakini hakuondoi umbali.

Kochi ndipo hesabu ya unene inapokuwa kali kuliko mahali pengine pote. Kikalio kikiwa sm 38, mapaja yanafika sm 53, na uso wa meza haupaswi kuzidi sm 58. Hata ubao mwembamba wa sm 2 unahitaji uso uwe sm 55 angalau. Nafasi iliyopo kati ya meza inayofaa na isiyofaa ni sm 3 basi. Ndiyo sababu ya kusema, bila kusitasita, kwamba kwa matumizi ya kochini ni bora kununua meza inayopandishwa na kushushwa kuliko yenye kimo kimoja, hata kama inayopanda ni ya bei kubwa zaidi na sura yake si ya kuvutia. Angalia tu mashimo ya kupandishia yapo umbali gani. Meza inayopanda kwa hatua za sm 8 inaweza kuruka juu ya kimo chako na kukuacha ulipokuwa.

Meza ya pembeni haiingii chini ya kochi, au inapinduka

Meza yenye umbo la herufi C, ambayo mguu wake mmoja umesimama pembeni na tako lake linateleza chini ya kochi, husifiwa sana katika picha za matangazo, na ni chombo kizuri kwa kochi lenye miguu mirefu. Makochi mengi yanayotengenezwa na mafundi wetu hayana miguu ya namna hiyo: fremu hushuka karibu na sakafu, au kitambaa kimepigiliwa hadi chini. Tako la meza likiwa na unene wa sm 3 na uwazi chini ya kochi ukiwa sm 2, meza itasimama mbele ya miguu yako na kukulazimisha ujivute. Piga magoti, ingiza tepu, upime uwazi huo mahali patatu, kwani kochi la zamani hulegea katikati.

Kuna na suala la mkeka na zulia. Tako lililoteleza vizuri kwenye vigae vya dukani hukwama kwenye pindo la zulia, mwenye meza akalivuta kwa nguvu, na kompyuta ikaenda nalo.

Kupinduka kuna jaribio lake, nalo lifanyike dukani kabla ya kulipa. Weka kiganja kwenye ukingo ulio huru, yaani ule usio na mguu, ubonyeze taratibu kama mtu anayeegemea ili ainuke. Kama tako linaanza kunyanyuka kwa mkono tu, litanyanyuka kwa kiwiko cha mtu mzima na kwa mtoto anayejishikiza ili asimame. Meza salama ina tako refu linalofika karibu sawa na ukingo wa uso ulio juu yake, na uzito wake mwingi umekaa chini. Ukiona tako ni fupi kuliko uso kwa theluthi nzima, iache.

Kioo kinacheza unapoandika

Hapa watu hukimbilia kulaumu meza, kumbe wakosaji wanaweza kuwa wanne. Anza kwa kuhamishia kompyuta kwenye kaunta ya jikoni au sehemu yoyote iliyojengwa imara, uandike mistari michache. Kama kioo bado kinacheza, bawaba za kompyuta zimelegea na meza haina hatia.

Kama kimetulia, rudi kwenye meza na ubonyeze pembe mbili zilizo mkabala, kisha zile nyingine mbili. Meza inayogonga sakafu kwa mguu mmoja ina mguu mfupi au iko kwenye sakafu isiyo sawa, na namna ya kutofautisha ni rahisi: igeuze robo mzunguko palepale ilipo. Mguu uleule ukiendelea kuning'inia, kasoro ni ya meza; mguu mwingine ukichukua zamu ya kuning'inia mahali palepale, kasoro ni ya sakafu, na huenda hukuhitaji chochote zaidi ya kuendelea kuigeuza kidogokidogo mpaka miguu yote minne itue. Karatasi iliyokunjwa ni suluhisho la siku moja, kwa sababu hubonyea na kuteleza. Kipande cha mpira wa tairi kilichokatwa sawa na mguu na kugundishwa chini yake hudumu.

Meza ambayo miguu yake yote imetua lakini inayumba kushoto na kulia, kama mtu aliyesimama kwenye mashua, ina tatizo la viungo. Kwa meza ya kufungwa kwa bolti, usikaze bolti moja mpaka mwisho kisha uende kwenye nyingine. Zilegeze zote, isimamishe meza kwenye sakafu sawa, kisha uzikaze kwa kuvuka pembe kwa pembe, kila moja kidogo, mpaka zote zishike. Skrubu inayozunguka bila kukaza kwenye ubao wa chipubodi, yaani ule wa vipande vya mbao vilivyogandamizwa, imekwisha kula tundu lake. Jaza tundu kwa vijiti vya mbao vilivyopakwa gundi, subiri vikauke, kisha uirudishe, na ujue kwamba ikilegea tena hapo hakuna la kufanya isipokuwa kuhamisha tundu. Ikiwa viungo vyote vimekaza na bado meza inayumba, inakosa mshazari. Miguu minne iliyonyooka bila ubao wowote unaoiunganisha kwa mshalo, au angalau ubao mmoja mpana upande wa nyuma, haina kinachoizuia kulala upande. Seremala ataongeza ubao huo kwa muda mfupi, na fundi wa kuchomelea atafanya vivyo hivyo kwa meza ya chuma. Uwekwe nyuma, mbali na magoti, usije ukakurudisha kwenye tatizo la unene.

Mkosaji wa nne ni uso wenyewe. Ubao mwembamba uliowekwa juu ya fremu ndefu bila mhimili wa katikati hubonyea kila kidole kinapogonga. Utaliona hilo kwa kujaza glasi ya maji, kuiweka katikati ya meza na kugonga uso wa meza kwa vidole pembeni yake kama mtu anayeandika, huku ukiangalia uso wa maji. Kompyuta yenyewe iwe umeihamisha.

Meza za magurudumu zina fumbo dogo: zenye breki mbili tu hutulia upande mmoja na kuzunguka kwa upande wa pili. Kwa anayehamahama kati ya chumba na sebule, magurudumu yana faida, ila breki ziwe kwenye yote manne, na magurudumu yawe mapana kiasi cha kuvuka kizingiti.

Vifundo vya mikono vinachoma, vidole vinakufa ganzi

Chunguza ukingo wa meza unaokutana na mkono. Ukingo uliokatwa wima na kuachwa mkali hukandamiza upande wa chini wa kifundo. Uzungushe kwa randa na msasa mpaka uwe duara, kazi ambayo seremala huimaliza kwa dakika chache. Meza za kuinamisha uso zina kijiti kilichopachikwa upande wa chini ili kompyuta isiteleze, na kijiti hicho hukaa palepale mikono inapopumzika. Ama ulaze uso, ama ukitoe kijiti na kuweka ubapa wa mpira chini ya kompyuta. Ganzi inayobaki hata usiku, mikono ikiwa imepumzika, au inayowashusha nguvu vidole, haiko tena chini ya mamlaka ya meza, na inafaa ionwe na daktari.

Mapaja na kitanda

Wanaofanya kazi kitandani huishia na meza ya kukunja miguu yenye kimo cha sm 25 hadi 30. Kimo hicho kinatosha mapaja yaliyonyooka, lakini hakitoshi magoti yaliyokunjwa, na mtu hushindwa kubadili mkao hata kwa nusu saa. Pima upana kati ya miguu ya meza kabla ya kununua. Chini ya sm 50, mapaja yatabanwa kila unapojigeuza. Bawaba za miguu zikiwa za plastiki, zikunje na kuzikunjua mara kadhaa dukani, na ukisikia mlio wa kufyatuka bila kushika, chukua nyingine.

Kompyuta iliyowekwa juu ya mapaja bila meza kwa muda mrefu, siku baada ya siku, inaweza kuacha ngozi ikiwa na madoa ya wekundu au kahawia yenye umbo la wavu, yanayotokana na joto lisilofikia kuunguza. Ukiyaona, acha mara moja kuipakata.

Kompyuta inapata joto na feni haitulii

Katika kompyuta nyingi matundu ya kuingizia hewa huwa chini, na ya kutolea huwa nyuma au pembeni. Meza ngumu, yenye uso ulio wazi, haiyazibi, kwa kuwa vijiguu vya mpira vya kompyuta huacha nafasi ndogo ya hewa. Kitambaa kilichotandikwa huiziba nafasi hiyo, hata kile chepesi cha kufuma, na mito ya kupakatia yenye sponji huiziba zaidi. Toa kitambaa kwanza kabla ya kufikiria meza yenye matundu na feni. Nyumbani kwetu pwani kuna sababu ya pili, nayo ni hewa yenyewe: Apple, kwa mfano, huelekeza kompyuta zake zitumike penye joto la nyuzi 10 hadi 35 za Selsiasi, na chumba cha juu chini ya bati, saa nane mchana mwezi wa Februari, hupita hapo bila shida. Katika hali hiyo, meza inayohamishika ina thamani kuliko meza nzuri isiyohamishika. Ukifanyia kazi ndani ya chandarua, hakikisha neti hailalii tundu la nyuma.

Kioo hakisomeki mchana

Huku kwetu karibu na ikweta, jua huchomoza upande wa mashariki na kutua upande wa magharibi mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la mashariki litakusumbua asubuhi na la magharibi jioni, miezi yote. Geuza meza ili dirisha liwe ubavuni mwako, lisiwe mbele wala nyuma. Meza yenye uso wa kioo au vanishi inayong'aa huongeza tatizo kwa kurudisha mwanga machoni kutoka chini. Barazani hakuna mpangilio utakaosaidia isipokuwa kukaa uso ukielekea nje kwenye kivuli kizito, na hata hapo kazi ya saa nyingi haifai.

Mausi inayorukaruka juu ya meza ya kioo haijaharibika. Mausi nyingi hushindwa kusoma kioo kisicho na rangi. Weka karatasi au kipande cha kitambaa kigumu chini yake.

Miguu ya meza inavimba kuanzia chini

Dalili hii huonekana katika nyumba zinazopigwa deki kila siku. Ukanda wa plastiki ulio kwenye ukingo wa ubao hubanduka kwa chini, kisha chipubodi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) hunenepa, hupasuka na kumwaga unga, na meza iliyokuwa imara huanza kuyumba bila bolti kulegea. Maji ya deki hupandia kwenye sehemu iliyokatwa, ambayo kiwandani haikufunikwa kwa kuwa haionekani. Ubao uliokwisha kuvimba haurudi ulivyokuwa. Kwa meza mpya, ipindue siku ya kwanza, upake chini ya miguu tabaka mbili za vanishi au rangi ya mafuta, kisha ugundishe vijiguu vya plastiki au mpira vya kuinyanyua sm 1 kutoka sakafuni. Mwenye nyumba karibu na bahari achague miguu ya mbao ngumu kuliko ya chuma chembamba, kwa kuwa hewa ya chumvi hula sehemu za kuchomelea kwanza, na kutu hutangulia kujitokeza chini ya rangi kwenye viungo.

Unahisi mtekenyo wa umeme

Ukipitisha kidole juu ya kompyuta ya bati iliyo kwenye chaji ukahisi mtetemo mwepesi, kwa kawaida ni mkondo mdogo sana unaovuja kupitia chaja isiyounganishwa na ardhi. Chaja nyingi zina pini ya tatu ya plastiki ambayo kazi yake ni kufungua soketi tu, na kichwa cha kubadilishia cha pini mbili huikata kabisa njia ya ardhi. Tumia kebo ya chaja yenye pini ya ardhi ya chuma pale inapopatikana, na soketi iliyofungwa waya wa ardhi kweli. Mshituko unaokurusha mkono ni jambo tofauti: zima kwenye soketi, chomoa, usitumie tena mpaka fundi umeme aikague soketi na ekstensheni. Waya wa chaji usipite hewani kati ya ukuta na meza. Ufunge kwenye mguu wa meza, ukiuachia ulegevu kidogo, ili anayejikwaa avute mguu wa meza na si kompyuta.

Unapomwagiza fundi

Ukishajua dalili zako, mara nyingi ni afadhali kuagiza kuliko kuchagua kati ya zilizokwisha kutengenezwa, iwe kwa mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam au kwa wale wanaopanga bidhaa kando ya barabara jijini Nairobi. Usimpelekee fundi picha peke yake, kwa sababu picha haina unene. Mwandikie kimo cha uso kutoka sakafuni, kina, upana, unene wa juu kabisa unaoruhusiwa pale mapaja yanapopita, na mahali ubao wa mshazari utakapokaa. Mwambie kwamba hutaki droo upande wa kukalia. Kama unahitaji pa kuwekea chaja, akutengenezee kisanduku upande wa nyuma.

Mninga na mkongo ni mbao za kudumu, lakini ni nzito kwa meza itakayobebwa kutoka chumba hadi chumba. Kwa meza ya kuhamahama, uso wa plaiwudi nzuri ya sm 1.8 wenye miguu ya paini iliyokauka unatosha. Neno la kuzingatia hapo ni kukauka. Mbao mbichi hunyooka karakanani na kupinda nyumbani baada ya wiki chache, na mguu mmoja ukishapinda, mengi yaliyoelezwa hapo juu kuhusu kuyumba huanza upya. Uliza mbao zimeanikwa tangu lini, nyanyua kipande na ukilinganishe kwa uzito na kingine cha ukubwa uleule, na tazama kama ncha zake bado zina unyevu.

Siku ya kuichukua meza, nenda na kompyuta yako na, kama ni ya kochini, nenda na kile kipimo cha kikalio kilichobonyea. Tafuta kiti au kasha la kimo hicho karakanani, kaa, fungua kompyuta na uandike ukurasa mzima huku fundi akikutazama. Kama goti limegusa fremu, lisemwe hapo hapo, wakati randa na msumeno viko karibu na salio la fedha bado liko mfukoni mwako.